Bwawa la Ngege la Baba

Sisi tulioona bendera ikibadilishwa tukiwa bado tunang'oka meno ya utoto tunajua utamu wa asubuhi za Malava: viazi vitamu vya kuchoma jivuni, chai yenye moshi, umande hadi magotini. Viatu tuliviona miguuni kwa mwalimu tu. Leo mtoto akitumwa dukani hatua ishirini anauliza bodaboda iko wapi.

Baba alikuwa amechimba bwawa chini ya shamba la mahindi, akafuga ngege. Kisha mdogo wangu Shikuku akavimba uso na miguu, nywele zikawa nyekundu. Nesi akamwambia mama, "Huyu apewe samaki kila siku." Lakini ngege wetu walikuwa bado wadogo kama vidole.

Mwaka huo ndio mbolea ya dukani ilipoingia kwetu. Kazi yangu ilikuwa kutia mbolea ya kujaa kizibo kimoja cha soda katika kila shimo la mahindi, na mahindi yalikua ajabu. Nikajiambia, kama mahindi yanakua hivi, samaki je? Nikawa namwaga bakuli zima la mbolea bwawani kila jioni, bila kumwambia mtu. Maji yakageuka kijani, yakawa mazito kama mboga ya mrenda. Nilifurahi sana.

Asubuhi moja ya mawingu nikawakuta ngege wote juu ya maji, vinywa wazi, wakitafuta hewa. Nikaita, "Mama, njoo uone, wamejileta wenyewe!" Kufika saa nne walikuwa wanaelea matumbo juu. Tulikula siku mbili, waliobaki wakaoza. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwamba ule ukijani uliwamalizia hewa majini.

Mama alimshuku jirani yetu, Mama Ayuma. "Amekuwa akiangalianga hilo bwawa sana," alisema. "Ametia sumu." Sikuitaja mbolea yangu. Niliogopa. Shikuku tulimzika kabla mahindi hayajakauka.

Siku hizi mto wenyewe umekuwa kijani, maana wajukuu wangu wanatia mbolea hadi ukingoni. Nikiwakemea mimi bibi yao, wananijibu, "Kukhu, hiyo ni majani tu," wanarudi kwenye simu zao. Enzi zetu mto ulikuwa na samaki, na majirani waliombana moto wa kupikia. Lakini mama na Mama Ayuma waliishi miaka yote ile ua mmoja kati yao, bila salamu. Mama alipokufa, Mama Ayuma alikuja kumlilia. Nilimpa kiti na chai, na hata siku hiyo sikumwambia.