Mwanamke wa Kitambaa cha Samli

Mke wangu alipokufa katika uzazi nilirudi karakana wiki ileile. Wengine walidhani nina roho ngumu. Ukweli ni kwamba sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Nyumbani kulikuwa na kitanda, sufuria, na nguo zake ambazo hakuna aliyezianua kwenye kamba. Mtoto aliyezaliwa, msichana, alikuwa amechukuliwa na mama mkwe wangu akapelekwa Mbumbuni, ambako kulikuwa na mbuzi wa maziwa na wanawake wa kumpakata. Nilikubali. Wangeniambia anapelekwa Mombasa ningekubali vilevile.

Karakana ilikuwa ya misheni, nje kidogo ya mji wa Kitui. Tulitengeneza madawati, milango, meza, na majeneza. Mimi nilikuwa na benchi langu karibu na dirisha. Kazi yangu ilikuwa kuchonga herufi na picha kwenye mbao, kuzipaka wino na kuzipiga kwenye karatasi au kitambaa: aya za kutundika kanisani, matangazo ya mnada, majina ya maduka. Siku niliyorudi, fundi mkuu, mzee wa kanisa mwenye ndevu nyeupe, alisogeza kigoda changu mwangani akasema, "Kaa hapo. Kama huwezi kufanya kazi, kaa tu." Nikakaa. Halafu nikashika patasi, kwa sababu ilikuwa pale.

Hali yangu siku zile ni vigumu kuieleza. Sikuwa nikilia. Watu walikuja kunipa pole nami nikawaambia asante, kisha nikawa natazama vifungo vya shati la anayezungumza. Nilikula nilipoambiwa kula. Chakula hakikuwa na ladha, wala sikukitafuta.

Mwaka huo kulikuwa na maonyesho ya kilimo na biashara pale karibu na boma, na kila mwenye bidhaa alitaka kibanda. Ndipo akaja karakana mfanyabiashara wa samli. Alikuwa Mwislamu kutoka upande wa kaskazini mashariki, mtu mrefu, mpole wa sauti, mwenye duka Kyuso, jingine Tawa, na lori lililokwenda huku na huku likibeba madebe. Alisimama mbele ya benchi langu akapima ukuta kwa macho.

"Nataka kitambaa kikubwa," alisema. "Kijaze ukuta wote wa nyuma wa kibanda changu. Mtu akiwa kule mbali kwenye zizi la ng'ombe ajue samli iko wapi."

"Kiandikwe nini, mzee?"

"Samli. Lakini wengi hawasomi. Weka na picha."

Nilimwambia tungeweka mwanamke mwenye kibuyu, kwa kuwa wanawake ndio waliomletea samli dukani.

"Mimi sura ya mtu ukutani kwangu sitaki," alisema. "Dini yangu hairuhusu."

"Basi tuweke ng'ombe."

"Ng'ombe? Kila kibanda kitakuwa na ng'ombe." Alifikiri. "Mwanamke ni wazo zuri. Huwezi kumchora asiwe na uso?"

"Naweza kumgeuza aangalie kule."

"Mgeuze."

Alitaka vitambaa kadhaa vinavyofanana kabisa, kimoja cha maonyesho, na vingine vya maduka yake, ili mtu aliyekiona Kyuso akikiona Tawa ajue ni samli ileile. Kwa hiyo kuchora kwa brashi kusingefaa, kwa sababu mkono haurudii jambo lilelile mara mbili. Ilibidi nichonge mbao.

Nilianza kwenye karatasi, kipande cha ukubwa wa kiganja. Mwanamke ametoka kuchota au anakwenda sokoni, hatujui. Mgongo wake uko kwetu. Kibuyu kikubwa kinaning'inia kwa kamba ubavuni mwake. Juu yake neno moja, SAMLI. Niligawa karatasi kwa mistari ikawa vyumba vidogo, kisha nikapiga mistari ya makaa kwenye mbao za mti wa mukau zilizounganishwa, nikatoa vyumba vingine vikubwa, nikahamisha kila chumba mahali pake. Ni kazi inayofaa mtu asiyetaka kufikiri. Unatazama chumba kimoja tu. Ndani ya chumba kimoja hakuna mwanamke, kuna mkunjo wa nguo tu, au upande wa shingo.

Kabla ya kuchonga niliujaribu ule mchoro kwa rangi nyeusi kwenye mkeka mkuukuu, tukautundika uani, fundi mkuu akaenda kusimama ng'ambo ya kanisa.

"Anabeba jiwe," alipaza sauti kutoka kule.

Kumbe kibuyu nilikuwa nimekichora kwa ukubwa wake wa kweli. Picha ya kutazamwa kwa mbali haitaki ukweli wa namna hiyo. Nikakikuza kibuyu mpaka kikawa karibu sawa na kiwiliwili chake, nikakipa shingo ndefu. Herufi nazo nilizinenepesha na kuziachanisha, maana kwa mbali zilikuwa zikishikana. Fundi mkuu akaenda tena ng'ambo, safari hii akarudi akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha nikachonga. Mbao za kupigia chapa huchongwa kinyume. Kilicho kulia kwenye ubao hutokea kushoto kwenye kitambaa. Herufi zinatazama upande usio wao, na mwanamke wangu naye alisimama kinyume. Kwa majuma yale yote nilimwona hivyo, kinyume, mweupe wa mbao mpya, na hakunikumbusha mtu yeyote.

Wanawake wa kanisa walishona vipande vya amerikani vikawa shuka moja pana. Wino tulipika wenyewe, masizi ya taa na mafuta ya kitani. Tulilaza mbao chini kwenye sakafu ya karakana, tukazipaka wino kwa mafungu ya ngozi, tukatandaza kitambaa juu yake polepole kisiingie makunyanzi. Halafu tukavua viatu, maseremala wote, tukapanda juu yake tukawa tunakanyaga kwa visigino, bega kwa bega, kuanzia katikati kwenda pembeni. Maseremala waliimba. Mimi nilikanyaga. Tulipokibandua kitambaa cha kwanza, wakasema "Aa," kwa pamoja, na mmoja wao akanigonga mgongoni. Nilitazama herufi M. Wino ulikuwa umeshika hafifu kwenye mguu wake mmoja, na nikachukua brashi nikapajaza.

Siku ya maonyesho vumbi lilikuwa jingi. Vibanda vilikuwa vya miti na nyasi, safu mbili, na kati yake watu walipita wakitazama pamba, katani, asali, vigoda, na vyondo, vile vikapu vya kusukwa. Kitambaa cha samli kilionekana tangu getini. Nilisikia watu wakielekezana: "Pinda pale kwa yule mama." Mfanyabiashara alisimama chini ya kibuyu kile kikubwa akionjesha watu samli kwa kijiti, na madebe yake yalipungua. Aliponiona alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Umenifanyia kazi, fundi."

"Asante."

"Mbona hufurahi?"

Nilimwambia nimechoka, akanipa kikombe cha chai. Hakujua habari zangu na sikumwambia. Nilimaliza chai, nikaitazama tena ile herufi M kama imeshika vizuri, nikarudi nyumbani.

Mvua zilipokwisha, dereva wa lile lori alisimama karakana akaniita dirishani.

"Kuna mama mmoja wa Mbumbuni pale Tawa," alisema. "Kila siku ya soko anakuja na mtoto mgongoni, anakaa mbele ya kitambaa chako. Hanunui kitu. Sasa ameniambia nimlete aliyekitengeneza."

Nikajua ni nani, ila sikujua kwa nini. Kutoka Mbumbuni kwenda Tawa kwa miguu na mtoto si kazi ndogo kwa mtu wa umri wake. Fundi mkuu akaniruhusu, nikapanda juu ya madebe matupu.

Kwetu Ukambani mtu hukaa mbali na mama mkwe wake. Hamtazamani usoni, hamkai karibu, na mkikutana njiani mmoja hupisha. Sisi tulikuwa watu wa kanisa na mambo hayo yalikuwa yamelegea kidogo, lakini heshima ilibaki. Kwa hiyo nilipofika nilisimama upande mmoja wa kibaraza cha duka, yeye akiwa upande mwingine, na sote wawili tukakitazama kitambaa kilichotundikwa ukutani.

"Umefika, baba," alisema.

"Nimefika, mama. Mtoto hajambo?"

"Amelala." Alimweka sawa mgongoni. Kisha akasema, "Nani alikwambia umweke hapa?"

"Nimweke nani?"

"Mtoto wangu."

"Mama, huyo ni mwanamke tu. Mwenye duka alitaka picha ya mwanamke."

"Tazama bega."

Nikatazama. Bega la kushoto la yule mwanamke lilikuwa chini kuliko la kulia, na shingo imeegama kidogo kulifuata.

"Alipokuwa mdogo alianguka mtini akichuma matunda," alisema mama mkwe, bila kupandisha sauti. "Mfupa ukavunjika. Nilimfunga mimi mwenyewe kwa magome, na sikumfunga vizuri. Tangu siku hiyo bega hilo halikupanda tena. Akitoka mtoni na wenzake, mimi namjua kwa bega kabla sijaona uso. Halafu nakuja sokoni kuuza kunde, namkuta amesimama kwenye duka la watu."

Mke wangu nilikuwa nimemfuata nyuma mara nyingi, kwenda kanisani, kwenda shambani. Bega lile nililijua, ila sikuwa nimewahi kulifikiria. Mkono wangu ulilichora wenyewe, na kwenye ubao lilikuwa limehamia upande wa kulia, na kwenye kitambaa lilirudi mahali pake siku ambayo mimi nilikuwa nikitazama herufi.

Nilikaa juu ya gunia la ndengu lililokuwa mlangoni. Machozi nilidhani yatakuja, sikuyaona. Kilichonijia ni njaa, njaa kali ya mtu aliyelima tangu asubuhi. Mama mkwe, bila kunitazama, alifungua chondo chake akatoa muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, uliofungwa kwenye jani la mgomba, akauweka chini katikati yetu, akarudi nyuma. Nikala wote. Ulikuwa na chumvi kidogo.

"Nimwombe mwenye duka akiondoe?" niliuliza.

"Ukikiondoa nitakuja kutazama nini?" Alifikiri. "Lakini nimesomewa yale maandishi. Mtoto wangu haitwi samli."

Nilimkuta mfanyabiashara Kitui, akipakua madebe. Nikamweleza yote, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi mwenyewe kuitamka habari ya kifo cha mke wangu, tangu mwanzo, bila kuulizwa. Aliketi kwenye debe akasikiliza mpaka mwisho.

"Mungu amrehemu," alisema. "Mimi nilikwambia sitaki sura. Kumbe mtu hajulikani kwa sura peke yake." Akafuta jasho. "Nikivishusha vyote, mama atapoa?"

"Hataki vishushwe. Anataka kimoja kisicho na neno."

"Mbao ziko kwenu. Piga. Na kile cha Tawa nitakisogeza ndani, jua lisikile."

Basi tukazilaza tena mbao kwenye sakafu, tukaondoa zile za herufi, tukapiga mwanamke peke yake. Safari hii sikutazama pembeni. Kitambaa kilipobanduliwa nilisimama mbele yake mpaka fundi mkuu akawaambia wengine watoke nje. Nilimwona kabisa, nikaona na mahali nilipokosea: nyuma ya shingo nilikuwa nimemfanya mnene kuliko alivyokuwa. Sikumrekebisha.

Nilikipeleka Mbumbuni mwenyewe. Mama mkwe alikitundika ndani, juu ya mahali mtoto alipolala, kikafunika ukuta wote na kibuyu kikakunjika sakafuni kwa sababu nyumba ilikuwa fupi. Majirani waliokuja kukiona walisimama mlangoni wakasema ni yeye. Baada ya hapo nikawa napanda lori kila linapokwenda upande ule. Mwanzoni mtoto aliniogopa, akijificha nyuma ya bibi yake, na mimi nilikaa kibarazani kama mgeni, nikiwa sina la kumwambia. Sikumbuki siku ambayo moyo wangu uliacha kufa ganzi. Nadhani haukuwa na siku. Nakumbuka tu kwamba msimu mmoja nilianza kukasirika nikichelewa lori.

Mtoto alipopata akili ya kuuliza, aliuliza kwa nini mama yake hageuki. Bibi yake alimjibu kwamba anakwenda mtoni. Mtoto aliridhika. Mimi nilirudi karakana nikajaribu kuchora uso kwenye karatasi, mara nyingi, na kila mara ulitoka uso wa mtu mwingine, nikaacha.

Magoti ya mama mkwe yaliposhindwa na kazi ya kumkimbiza mtoto, alinitumia ujumbe nije nimchukue mtoto. Mtoto alikuja na mkeka wake na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kitambaa kilibaki kwa bibi yake, kama bibi mwenyewe alivyotaka. Asubuhi ya kwanza Kitui nilimpikia uji, akaonja, akasukuma bakuli.

"Huu ni maji," alisema.

Nikaongeza unga, nikakoroga. Akaonja tena, akatikisa kichwa, nikaongeza tena.