Mikono ya Rais

Juzi, dukani Tawa, niliona picha ya Rais imetundikwa juu ya friji ya maziwa, nikacheka peke yangu. Tulipokuwa shule ya msingi, alasiri moja lori lilituletea maziwa ya pakiti, yamepata moto njiani, yananuka karatasi na vumbi. Mwalimu alisema yametoka kwa Rais. Siku hizi najua Rais huteua mawaziri na kuamuru majeshi. Siku hiyo niliamini ameyakamua mwenyewe.

Jioni, kabla ya kula, niliomba kwa sauti, "Mungu, pumzisha mikono ya Rais, kwa sababu shule ni nyingi."

Mama, aliyekuwa ametoka tu kukamua ng'ombe wetu, alisema amina.

"Sasa ombea na hii yangu," akaniambia. "Mimi sina waziri."