Bomba Ambalo Tumwine Hakulijaribu

Tumwine wa Ihanda alikuwa seremala, lakini meza na milango alivitengeneza ili watoto wapate kula. Roho yake ilikuwa kwa ng'ombe wadogo wa mti. Usifikiri ni vile vinyago vya kukisia wanavyouziwa wageni barabarani. Tumwine alimwendea ng'ombe mwenyewe malishoni na kamba ya mgomba, akampima toka pua hadi shina la mkia, kisha akaikunja kamba mara tatu. Urefu uliobaki ndio aliouchonga. Goti, kwato, mfupa wa nyonga, vyote vilipita kwenye kamba. Ukiinama mezani kwake ukafumba jicho moja, ungeapa unatazama ng'ombe aliye ng'ambo ya bonde.

Kwa mti hakuwa na mpinzani. Kilichomsumbua ni rangi. Ngozi ya ng'ombe haina mpaka. Wekundu wa mgongoni hufifia ubavuni polepole hata ukifika tumboni umekuwa rangi ya maziwa, na huwezi kuonyesha kwa kidole ulipoishia. Brashi huacha michirizi. Alijaribu matete mawili, moja ndani ya kopo la rangi na jingine mdomoni, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Pumzi mbili za kwanza zilitoa rangi kama ukungu, ya tatu ikatoa mate.

"Baba Kemigisha," mkewe Kokwijuka alimtania, "siku moja utapuliza roho itoke ikampake ng'ombe."

Mwaka 1951 aliitwa na Mzee Mwesigwa, mfugaji wa kwenye mbuga za kuelekea Kyerwa. Ng'ombe wake mpenzi, Kagaju, alikuwa amezeeka, akilala hainuki bila kusaidiwa. "Mpime angali hai," mzee alimwambia. "Nimeamka na huyu miaka kumi na minane. Akifa nataka nikifumbua macho nimkute." Tumwine akampima Kagaju huku mwenyewe amemshika pembe, akaahidi. Wiki ya pili Kagaju akafa. Tangu hapo Tumwine hakuwa na haja nyingine duniani ila kumrudishia mzee yule ng'ombe wake, rangi kwa rangi.

Habari ya bomba aliletewa na Mutalemwa. Huyu alikuwa dereva wa lori lililopeleka kahawa Bukoba, na alikuwa na mkono wa rangi pia, maana ndiye aliyeandika majina kwenye milango ya malori. Lakini kwa Tumwine hakuwa rafiki tu. Walipokuwa vijana walikuwa wamekula omukago: walijichanja karibu na kitovu, wakapaka damu punje mbili za kahawa zilizotoka ganda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Mchungaji alikataza mambo hayo, nao wakayafanya nyuma ya migomba, Jumapili wakaenda kanisani kama kawaida. Mtu uliyekula naye hivyo ni munywani wako. Humnyimi, humsemi vibaya, humwaibishi mbele za watu. Ukimvunjia, ile kahawa uliyomeza hukuvimbia tumboni hata ufe.

"Bukoba kuna mpiga picha wa Kihindi anahamia Kampala," Mutalemwa alimwambia. "Ana mabomba mawili madogo, kama kalamu. Anapulizia rangi kwenye picha kwa upepo. Anayauza."

Tumwine hakulala vizuri mpaka siku lori lilipoondoka naye. Huko Bukoba yule mpiga picha aliyaweka mabomba yote mawili juu ya kitambaa. La kwanza lilikuwa jipya, linang'aa, lina chupa chini na kitufe cha kubonyeza. La pili lilikuwa limechakaa, kwa juu lina kikombe cha rangi kisichozidi kifuniko cha chupa, na kitufe chake kilikwenda njia mbili: ukikibonyeza kinatoa upepo, ukikivuta nyuma kinaachia rangi, kidogo au nyingi utakavyo. Tumwine alilishika lile lililochakaa. Kidole chake cha shahada kilikaa chenyewe juu ya kitufe, bila kufundishwa. Moyo ukamwambia, ni hili.

"Jaribu kwanza, fundi," yule mpiga picha alisema, akamletea kikombe cha maji na karatasi.

"Hakuna haja," Mutalemwa akadakia. "Safari iliyopita nililijaribu mwenyewe. Sindano ya ndani imepinda, litakusumbua. Chukua jipya, munywani wangu."

Maji yalikuwa mkononi mwa Tumwine. Mtu mwingine yeyote angejaribu, tena bila kufikiri. Lakini munywani wako akishasema mbele ya mgeni kwamba kitu ni kibovu, nawe ukakipima, umemwita mwongo hadharani. Tumwine akaweka kikombe chini. Akachukua jipya, na akamshukuru Mutalemwa kwa kumwokoa!

Mutalemwa akamtafutia mpira wa ndani wa gurudumu la lori, wakaujaza upepo kwa pampu ya baiskeli, wakauunga na bomba kwa kipande cha mrija. Tumwine alikuwa amemchonga Kagaju kwa miezi miwili, mpaka mkato wa alama aliokuwa nao kwenye sikio la kushoto. Akachuja rangi kwa kitambaa, akaongeza tapentaini, akabonyeza. Bomba likapiga chafya. Ubavu mzima wa Kagaju ukajaa madoa kama ng'ombe mwenye ndui.

Alikwangua, akarudia. Alipunguza rangi, akaongeza, akapunguza upepo. Bomba lile lilijua mambo mawili tu, kufunga na kutema. Akachonga Kagaju wa pili, akamharibu vilevile. Na wala hakulilaumu bomba. Angelilaumuje, na limechaguliwa na munywani? Akaulaumu mkono wake.

"Mkono wangu ni wa shoka," alimwambia Kokwijuka. "Mambo laini nimenyimwa." Mkewe alitaka kumtania kama siku zote, akamwona uso, akaacha.

Mutalemwa alikuja kumfariji. "Huyu aliyeharibika nipe, watoto wangu wachezee," alisema. "Na hao wengine usiwapake. Bukoba wanapenda mti mtupu." Tumwine akampa Kagaju, akawa anampa na wengine, weupe, bila rangi. Kwa Mzee Mwesigwa hakukanyaga tena. Aibu ilimfunga miguu miaka minne.

Mwaka 1955 alisikia mzee ni mgonjwa. Akajikaza akaenda, angalau amwombe radhi.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, fundi. Umepotea! Karibu umwone Kagaju."

Kando ya kitanda, juu ya kigoda, alisimama Kagaju. Mgongo umeiva wekundu, ubavu unafifia, tumbo la maziwa, na wala hukuona rangi moja ilipompokea mwenzake. Tumwine alimgeuza taratibu. Mkato wa sikio la kushoto ulikuwa wa kisu chake. Chini ya mkia, mahali ambapo hapakukwanguliwa vizuri, palibaki madoa matatu ya ndui.

"Kazi ya Mutalemwa," mzee alisema kwa fahari. "Aliniambia wewe umeziogopa rangi. Sikukasirika, fundi. Si kila mtu anaweza."

Tumwine aliaga kama mlevi. Kesho yake alimkuta Mutalemwa mjini Omurushaka, ameegesha lori anafungua turubai.

"Lile bomba la zamani unalo?"

Mutalemwa alifuta mikono kwa tambara, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ninalo. Nilirudi kulichukua kesho yake."

"Sindano yake imepinda?"

"Haijawahi kupinda."

"Ungeniomba ningekupa! Ni kitu gani nimewahi kukunyima?"

"Najua ungenipa," Mutalemwa alisema, naye sasa sauti imempanda. "Ndiyo maana sikuomba. Tangu utoto ni mikono ya Tumwine, macho ya Tumwine. Nikuombe, halafu hata ninachokiweza mimi kiwe ni cha kupewa na wewe? Tena nilikupa nafasi. Maji ulikuwa nayo mkononi. Ungejaribu, ningenyamaza, ungelichukua."

Akapanda kwenye lori, akatoa bomba chini ya kiti, limefungwa kitambaa safi. Mrija ulikuwepo, akauunga kwenye gurudumu la akiba, akatia maji kidogo kwenye kikombe. "Basi jaribu sasa."

Mlango wa lori ulikuwa umejaa vumbi. Tumwine alibonyeza, akavuta kidogo. Mstari ulitoka mwembamba kama unywele. Akavuta zaidi huku akirudisha mkono nyuma, na mstari ukapanuka, ukalegea, ukapotea ndani ya vumbi pasipo na mpaka. Mara ya kwanza tu! Hapo machozi yakamtoka, mbele ya wapakizi wa kahawa. Bomba ni chuma, angeweza kulisamehe. Lakini miaka minne alikuwa ameamka kila asubuhi akiuchukia mkono wake mwenyewe, na mkono haukuwa na kosa lolote, na aliyemwona akiuchukia siku zote alikuwa akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

"Lichukue," Mutalemwa alisema chini chini.

"La nini? Kagaju ameshapakwa."

"Utamwambia mzee?"

"Naenda kumwambia sasa hivi."

Mutalemwa akamgeuzia mgongo. Alianza kufunga tena kamba za turubai. "Ulikula omukago, Tumwine," alisema bila kugeuka. "Tulikula wote, lakini wewe ndiye unayeogopa."

Tumwine alitembea njia nzima akiyapanga maneno. Alikuwa na hasira ya kutosha maneno mia. Alimkuta Mzee Mwesigwa amekalishwa kwenye mito, mkono mmoja juu ya mgongo wa Kagaju.

"Umerudi upesi," mzee alisema. "Vizuri, kuna jambo nilitaka kukuuliza jana. Niambie kweli, fundi, mimi mzee wako. Ungekuwa na kila kitu, wewe ungemweza Kagaju namna hii?"

Tumwine alifungua mdomo. Tumbo likamkaza pale penye kovu; kama ni kiapo au ni woga, hakujua. Alijua tu kwamba kati ya watu wawili waliokula kiapo kile, alikuwa amebaki yeye peke yake kukishika.

"Hapana, Mzee," alisema. "Nisingemweza."

Mzee Mwesigwa akamshika mkono ule wa kulia, akaupigapiga kwa huruma. "Usijali, mwanangu," alisema. "Kuchonga nako ni kazi."