Kitambaa cha Kompyuta

Wazazi wa darasa letu la Kiswahili hapa Bowie, ughaibuni, walituletea kompyuta, ili watoto wauingie mwaka elfu mbili wakijifunza kwa vitendo. Mimi, mwalimu wa kisasa, nikaifumia kitambaa cha kuifunika mpaka mgongoni, kama redio ya mama kule Tanga, na jina langu nikalitarizi katikati.

Siku ya maonyesho nikafunua kioo tu, nikaiwasha, nikaanza kuwahutubia wazazi. Mara moshi ukafuka, king'ora kikalia, tukakimbilia nje kwenye theluji.

"Nani kaichezea?" nikawafokea watoto.

Baba Neema, aliyebaki kuizima, akatoka ameshika kitambaa kilichoungua pembeni, pale kilipoziba matundu ya hewa ya kompyuta.

"Mwalimu Rehema," akasema taratibu, "aliyeichezea ameacha jina."