Mama Kazinyunyizia Maji Pellet

Leokadia, nesi anayeishi mji wa Bowie, ughaibuni, alimaliza Jumamosi nzima madukani akichagua pellet, vile vipande vya unga wa mbao vya jiko la kupasha nyumba joto. Hizi vumbi tupu, zile majivu kibao. Mwisho akapata safi, maana mama yake kafika juzi kutoka Bukoba na baridi inamtesa.

Akazijaza kwenye jiko hilo, akaenda kuoga. Kurudi, zimevimba zimekuwa uji, jiko limeziba.

“Mama, umefanya nini?”

“Nimezinyunyizia maji zisiishe haraka. Mkaa si tunafanya hivyo?”

“Mama, hizo siyo mkaa!”

“Basi wamekuuzia takataka.”

Inaudhi, jamani! Sasa mama anatetemeka ndani ya koti la bintiye, na bado anamfundisha kuwasha moto.