Mguu wa Nne wa Tangi

Mume wangu hajawahi kuwa mwanachama wa kitu chochote, na nilipoolewa naye niliona hiyo ni sifa. Nyumbani kwetu baba alikuwa kwenye kila kamati, akirudi tunamwamkia kama mgeni. Nikasema afadhali huyu, jioni nitamwona. Na kweli nilimwona. Alirudi kutoka karakana ananuka moshi wa kuchomelea vyuma, akanawa, akakaa. Wakija kumwita kikaoni aliwajibu palepale mlangoni, "Mgongo unanisumbua." Mgongo huo umemuuma miaka kumi na miwili, tangu tuhamie hapa, siku za vikao tu. Majirani wakambandika jina la Kimya, na mimi nikawa Mke wa Kimya, jina ambalo linanichefua, maana mimi kimya sina.

Tunakaa kwenye jengo la ghorofa tatu lililozunguka ua wa saruji. Katikati ya ua lipo tangi la maji, limekalia miguu minne ya chuma, mirefu mara mbili ya mlango. Miguu hiyo aliichomelea yeye, mwaka ule tuliohamia. Chini yake pana kivuli, na kwa kuwa ndicho kivuli pekee uani, chama cha wakazi hukaa hapo kila Jumamosi asubuhi.

Chama alikianzisha Sista, nesi mstaafu wa ghorofa ya kwanza. Mwenyewe hafichi: alipostaafu nyumba ilimshinda kwa ukimya, akatafuta watu. Kinyozi alijiunga kwa sababu kazini kwake mteja akishawekewa wembe shingoni habishi, na yeye anapenda kubishana. Mshonaji wa ghorofa ya juu alijiunga kwa ajili ya Kinyozi, hilo kila mtu analijua isipokuwa Kinyozi. Binti yetu naye akajiunga, na kwa vile anaandika haraka, haukupita mwezi wakamfanya katibu. Wakamwekea meza kwenye mguu wa nne, penye ubao wa matangazo uliofungwa kwa waya.

Siku tuliyosikia habari hiyo Kimya hakumaliza chakula chake.

Lazima niseme kwamba ipo kazi moja ya kujitolea aliyokuwa anaifanya. Kila mwaka alichukua kopo la rangi na brashi, akapaka ule mguu wa nne. Huo tu. Watu wakasema, haya, Kimya ana roho nzuri, hapendi maneno basi. Na mimi, mjinga mwenzao, nikajivunia mume.

Usiku huo hakupata usingizi, na kulipokucha akanifuata jikoni.

"Ule mguu chuma chake kilikuwa kifupi," akaniambia. "Niliunga vipande viwili, na kwa ndani havikushika sawasawa. Nilitakiwa nizungushie bamba la chuma. Nilikuwa na haraka, nikapaka rangi."

"Na sasa?"

"Sasa mwenye jengo ameongeza tangi la pili juu. Nikigonga kwa nyundo, ile mitatu inalia. Huo haulii, umeachia kwa ndani."

Nilishika meza. Mwanangu anakaa pale na kalamu yake kila Jumamosi, tena Jumamosi ndiyo siku ya maji, matangi yote mawili yanajazwa mpaka juu. Nikamwambia, "Nenda ukawaambie leo hii."

"Watu wakikaa pamoja, kitu cha kwanza wanatafuta wa kumlaumu," akasema. "Unadhani siendi kwa nini? Nikisema hili, nani ataniita tena fundi?"

Kumbe huo ndio mgongo. Nilimtukana, sitaki kudanganya. Baadaye nikamhurumia, na huruma hiyo ndiyo iliyoniponza: aliniomba nisimwambie mtu, hata mtoto, atasimama mwenyewe kikaoni Jumamosi aseme. Nikakubali. Alijaribu kumzuia binti asiende, akajibiwa, "Baba, wewe hata msibani huendi. Sasa unataka na mimi nisiende?"

Wiki nzima nilipita uani nikitazama juu. Jumatatu rangi ilikuwa safi. Jumatano ukatokea mstari wa kutu, mwembamba kama uzi. Ijumaa ulikuwa umezunguka nusu ya mguu, na upepo ukivuma ule ubao wa matangazo ulicheza kwenye waya wake.

Jumamosi Kimya akavaa shati la kutokea. Alipoingia chini ya kivuli watu walipiga makofi.

"Leo mgongo umepewa likizo," Kinyozi akasema.

Akatia saini kwenye daftari la mahudhurio, mara yake ya kwanza. Sista furaha ilimzidi. Akasema chama kinahitaji msimamizi wa usalama wa jengo, na nani anafaa kuliko fundi aliyelijua tangi tangu halijapandishwa? Mikono yote ikanyanyuka. Kule juu tulisikia maji yakimiminika tangini.

Kimya akasimama. Binti alimtazama kwa fahari, kalamu tayari, na nikaona fahari hiyo ikimmaliza baba yake.

"Nashukuru," akasema. "Nimeshakagua. Miguu yote minne iko imara."

Binti akaandika.

Nilikuwa nyuma, penye kamba za nguo. Nikanyoosha mkono.

"Mama Katibu, tunakupenda," Sista akasema, "ila kanuni yetu unaijua. Ambaye hajahudhuria vikao vitatu haongei. Karibu usikilize."

Kanuni hiyo waliitunga kwa ajili ya watu kama sisi. Ningeweza kupayuka, lakini yule ni mume wangu na nilikuwa nimemwahidi. Nikaenda mpaka mezani.

"Inuka, mwanangu."

"Mama, niko kazini."

"Inuka."

Sauti hiyo anaijua. Akainuka na daftari lake, aibu imemjaa. Nikachukua kiti chake nikakiegemeza kwenye mguu wa nne, chini kabisa ya ile kutu.

"Msimamizi wa usalama ana kiti chake," nikamwambia mume wangu. "Karibu ukae."

Watu wakacheka. Kinyozi akasema msimamizi ameshapata msimamizi. Kimya akapiga hatua moja, akasimama. Kicheko kikaanza kupungua.

"Kaa basi," Sista akasema.

Hakukaa. Alitupa jicho juu, haraka, akalirudisha chini. Lakini Sista amekaa wodini miaka thelathini na watu wanaoficha panapouma. Na yeye akatazama juu.

"Tuondokeni hapa," akasema. "Taratibu. Viti viacheni."

Wakatoka mmoja mmoja mpaka ukutani, hakuna aliyepaza sauti. Binti alibaki karibu na baba yake, daftari limefunguka kwenye yale maneno.

"Baba, niandike nini?"

Nilidhani atasema mgongo.

"Andika kwamba nilijua," akasema.

Nikamshika mtoto mkono nikamvuta kwenye jua. Aliandika akiwa anatembea. Nyuma yetu maji yalikuwa bado yanaingia.