Mlango Uliohukumiwa kwa Kuchungulia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, hapa hapa Shella, mjomba wangu alipovunja uchumba wa dada kwa kuchungulia tu.

Kwetu, kama ujuavyo, bwana harusi ndiye anayeingia nyumbani kwa mkewe. Athumani, mchumba wa dada yangu Zuhura, alikuwa fundi mwashi, akataka kumjengea chumba uani kwetu kwa mikono yake. Zuhura naye kwa mapambo, usimseme! Akaomba ukuta wa mlangoni upakwe mistari ya mshazari, ya rangi ya kijani na nyeupe. Athumani akapaka.

Mjomba alikuwa akipita kwenda sokoni. Akaingiza kichwa uani, akatoa.

"Mlango umelala," akasema mbele ya mafundi wote waliomsaidia Athumani. "Asiyeweza kusimamisha mlango atasimamisha nyumba?"

Nami nikachungulia, nikauona umelalia upande kweli. Athumani alikung'uta mikono, akatwaa mfuko wa vyombo vyake, akaondoka.

Bibi, mamake mjomba, akamwekea mwanawe kiti mbele ya mlango. "Kaa, baba. Tazama mpaka uchoke."

Akatazama. Punde akakuna kidevu: mlango umenyooka. Kwa ubishi wake akaikodolea ile mistari kitambo, akitafuta kosa. Aliporudisha macho mlangoni, akauona umelalia upande wa pili!

"Mistari ya mshazari hupotosha macho. Jicho la haraka limekudanganya, na la ubishi nalo limekudanganya," Bibi akasema. "Leteni timazi."

Ule uzi wenye kipande cha risasi ukateremka sambamba na fremu, haukuachana nayo popote.

Tukamtuma mtu Marereni, alikokwenda Athumani kutafuta kazi ya chumvi, amwombe arudi. Akarudi na jibu: "Najua mlango umesimama. Mimi ndiye siwezi kusimama tena mbele ya mjomba."

Maji yakimwagika hayazoleki. Zuhura aliolewa na mwengine, akazaa, akacheka kama watu. Lakini katika chumba kile hakukubali kulala hata siku moja, nami nilimwonea huruma dada yangu.

Mwanangu, nyinyi leo mwatazama picha moja simuni, hukumu tayari. Ukiona kitu kimepinda, keti kwanza ukitazame. Kikizidi kukusumbua, yapumzishe macho, kisha tafuta timazi. Neno la kumvunjia mtu heshima lisitangulie uzi, maana uzi hauwezi kulirudisha.

Mungu akupe subira ya macho, na akujaalie watu watakaokutazama vizuri kabla hawajasema.